Roketi Tuliyoipunguza Mabatini

Ubishi ulikuwa juu ya kiti. Dada yangu, mwalimu wa hesabu, alitaka chumba cha rubani cha roketi yetu ya mchezo wa kompyuta kiondolewe chote, rubani akae nje kwenye kiti kitupu, tangu anaondoka mpaka anarudi. Mimi nilikuwa nimeshakipenda kile chumba.

Mchezo wenyewe ni Kerbal Space Program. Unaunganisha matangi, injini na parashuti, unarusha, kisha sheria za mwendo zinakuhukumu bila upendeleo. Likizo ile, nyumbani kwetu Mabatini, Mwanza, tulijipa kazi moja: roketi nyepesi kadiri inavyowezekana, ya kumpeleka mtu mmoja kwenye Mwezi wa mchezo huo na kumrudisha hai. Yangu ya kwanza ilizidi tani 30. Ilikwenda na kurudi vizuri. Dada aliitazama, akauliza, "Sasa mdogo wangu, katika mzigo wote huu kinachorudi ni kipi?" Nikamwonyesha: chumba na parashuti, tani moja haifiki.

Jioni umeme ukakatika mtaa mzima, na betri ya laptopu ilikuwa imechoka. Tukawasha taa ya sola, tukachukua daftari na kikokotoo. Hadi leo naamini giza lile lilitufaa, maana kwenye skrini mkono hukimbilia kuongeza tangi jingine.

Dada akaanzia mwisho wa safari. Kuruka kutoka kwenye ule Mwezi na kushika njia ya nyumbani kunadai kubadili kasi kwa mita 890 kwa sekunde hivi. Kutua, 580. Kuingia kwenye mzunguko wake, 310. Kutoka kwenye mzunguko wa sayari kuufuata, 860. Kutoka ardhini mpaka kwenye mzunguko, kama 3,400. Jumla, 6,040.

Kisha akaandika kanuni aliyoichapisha Konstantin Tsiolkovsky mwaka 1903: kasi unayoongeza ni kasi ya gesi inayotoka kwenye injini, mara logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) ya uzito wa kuanzia ukigawanywa kwa uzito wa kumalizia. Ant, mojawapo ya injini ndogo kabisa za mchezo, ina kilo 20, na katika ombwe, pasipo na hewa, gesi yake hutoka kwa takriban mita 3,090 kwa sekunde. Akabonyeza kikokotoo. Hata ukiyahesabu matangi na injini kuwa hayana uzito, kila kilo inayorudi inadai zaidi ya kilo saba pale inapoondokea. Chumba kina kilo 840. Kiti kina 50.

"Unaona chumba chako kinavyokula?" akasema.

Nilinyamaza, halafu nikakumbuka Apollo, safari za kweli za Wamarekani kwenda Mwezini. Roketi yao, Saturn V, iliondoka na takriban tani 2,900, na kilichorudi baharini hakikufika tani 6. Wahandisi wa kampuni ya Grumman waliokiunda chombo cha kutulia waliviondoa viti na kupunguza madirisha, wanaanga wakashuka Mwezini wamesimama, wamefungwa kwa kamba. Kama wale walisimama, wangu atakaa nje. Nikakifuta chumba.

Baada ya hapo tulikwenda mbio. Miguu ya kutulia ikatoka, kwa sababu mvutano wa Mwezi ule wa mchezo ni mdogo na chombo kikishuka polepole kinaweza kukalia matangi yake. Ant inasukuma kilonewtoni 2 tu, lakini kule inatosha kunyanyua tani moja na ushei, na chombo chetu kilikuwa chini ya hapo. Dada alitaka kukata pia gurudumu la ndani linalozunguka ili kukigeuza chombo, kilo 50 nyingine. Hapo nilikataa katakata. Ant haipindishi mdomo wake, na rubani asiyeweza kugeuka hawezi kutua.

Umeme uliporudi alfajiri nilikiunda kama kilivyoandikwa daftarini. Hakikufika tani 6. Kilitua kimeinama kidogo, kikaruka tena, kikarudi kupitia anga ya juu mara kadhaa ili kipunguze kasi, na rubani akafungua parashuti ya mgongoni juu ya bahari. Nilipiga kelele hadi mama akaja kuuliza kuna nini.

Dada alikuwa anasoma kipimo cha tangi la mwisho. "Yamebaki mafuta," akasema. "Huo nao ni mzigo tulioubeba bure."

Nikatoa tangi moja dogo, tukarusha tena kabla ya chai.