Anayekutangulia Mlimani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, tafakari ya wiki hii imetokana na swali la kijana mmoja wa darsa letu hapa Masasi. Amepata nafasi ya kwenda Sri Lanka kimasomo, na wenzake wa huko wamemwalika kupanda mlima Sri Pada. Anauliza: mlima ule ni wa ibada za watu wengine, na watakaomwongoza si Waislamu. Je, aende?

Mlima wenyewe una mita 2,243. Kileleni kuna jiwe lenye alama kama unyayo mkubwa. Mabudha, ambao ndio wengi katika nchi ile, wanasema ni unyayo wa Budha. Wahindu wanasema ni wa Shiva. Wapo Wakristo wanaomtaja Mtume Tomaso. Na Waislamu kwa karne nyingi wameuita mlima wa Nabii Adam, alayhi salaam. Kuanzia mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei watu hupanda usiku, ngazi kwa ngazi, wawahi macheo. Kuhusu unyayo sina la kusema. Qur'ani imetueleza kwamba Adam aliteremshwa duniani, mahali haikutaja, nasi tunaishia hapo. Kinachonishughulisha mimi ni zile ngazi, na watu wa dini nne wanaopishana juu yake gizani.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, tunamfahamu huku kusini, kwa kuwa alifika Kilwa mwaka 1331 akawasifu wenyeji kwa dini na wema. Miaka 13 baadaye alikuwa Sri Lanka, akitamani kuuzuru mlima huo huo. Mfalme aliyempokea hakuwa Mwislamu. Akampa wasindikizaji: mayogi wanne, yaani watawa wa Kihindu, waliozoea kwenda kila mwaka, Mabrahmana watatu, yaani makuhani wa Kihindu, watu wengine kumi wa baraza lake, na wapagazi 15. Ibn Battuta mwenyewe ni kadhi, aliyekwisha kuhukumu Delhi na visiwa vya Maldivi, naye anakubali kuongozwa njia na mayogi.

Anasimulia kuwa njia zilikuwa mbili, ya Baba na ya Mama, yaani Adam na Hawa. Ya Mama ni nyepesi, na aliyepanda kwa hiyo hakuhesabiwa kuwa amezuru. Ya Baba ni ya majabali, imefungwa minyororo ya kushikilia. Mnyororo wa kumi ulikuwa na jina lake: mnyororo wa shahada. Mtu akifika hapo akatazama chini, hofu ya kuanguka humfanya aitamke shahada. Jina hilo limenikaa moyoni wiki nzima. Mwislamu yuko juu ya bonde, ulimi wake hauna neno jingine ila La ilaha illa Allah, na waliomfikisha hapo ni watu wasiolisema neno hilo. Sioni kwamba imani yake ilipungua kwa kuongozwa nao. Naona ndipo ilipotamkika kwa nguvu zaidi.

Wala hilo si geni katika dini yetu. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipohama Makka pamoja na Abubakar, walimwajiri Abdullah bin Urayqit awaonyeshe njia. Alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili wakapatana akutane nao penye pango la mlima Thawr baada ya siku tatu. Makureshi walikuwa wametangaza ngamia mia kwa atakayemleta Mtume. Fikirini: mtu huyo alijua pango lilipo, siku na saa ya miadi. Akaja na ngamia kama walivyopatana, akawapitisha njia ya pwani.

Sisi tunaoishi Masasi tusiione habari hii iko mbali. Nyuma ya kanisa kuu la Anglikana uko mlima wa mawe wa Mtandi, na wamisheni wapo mji huu tangu 1876. Ukoo mmoja hapa una Hamisi na una Petro. Vijana wetu walipoupanda, aliyewatangulia alikuwa mzee wa Kimakua, mtu wa kanisa lile. Aligonga mwamba kwa fimbo akawaonyesha michirizi myeusi: "Hapa ndipo maji yanaposhukia. Pakilowa ni sabuni. Kanyageni palipo na mabaka meupe." Adhuhuri ilipofika, kabla hawajaulizana, akainyoosha ile fimbo kuelekea kaskazini iliko kibla chetu, kisha akakaa kando na kulinda viatu na madumu ya maji mpaka walipotoa salamu.

Najua yapo majeraha. Jumapili ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019, makanisa na hoteli za Sri Lanka zililipuliwa na watu waliojiita Waislamu, wakafa zaidi ya watu 250. Wiki chache baadaye misikiti na maduka ya Waislamu wasiohusika yakavamiwa. Nasi mkoani kwetu hatujasahau Oktoba 2020, wauaji walipovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaingia kijiji cha Kitaya. Kwa hiyo kijana wetu, huko uendako, huenda ukawa Mwislamu wa kwanza ambaye mtu amekaa naye karibu tangu siku ile. Soma Suratul Mumtahina, aya ya nane: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

Basi nenda. Usishiriki ibada yao, wala usiidhihaki. Kileleni wanavua viatu, nawe vua au usifike hapo. Usimpige picha mtu anayesali. Maswahaba walipopanda walileta takbiri, waliposhuka walileta tasbihi, nawe fanya hivyo kwa sauti ya chini. Katika Suratul Israa, aya ya 37, tumekatazwa kutembea kwa majivuno, kwani hatuwezi kuipasua ardhi wala kuifikia milima kwa urefu. Isome kabla ya ngazi ya kwanza. Alfajiri itakukuta njiani: kibla cha kule ni upande wa magharibi, si kaskazini kama ulivyozoea, na ukikosa maji, tayamamu.

Kama mtachukua mpagazi, patana naye ujira kabla ya kuanza, umlipe kabla jasho lake halijakauka, wala usimpunguzie kwa kuwa si wa dini yako. Nauli ya kurudi iweke mfuko mwingine kabisa, isije ikaingiliana na haki ya mtu.