Kipi kinarudi mdomoni, kipi kinatupwa

Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: meno ya bandia aliyoacha marehemu babu, bibi anaweza kuyavaa? Hapana, na wala si suala la mkosi. Kile kipande cha waridi kilitengenezwa kwa chapa ya fizi za babu. Kwenye fizi za bibi kitacheza, kitamchubua, na ataishia kukiweka kabatini.

Hata mwenyewe huweza kuyaharibu meno yake. Akiyatia kwenye maji yanayochemka, plastiki hujikunja na hainyooki tena. Lakini adui mkubwa ni supaglu. Meno yameponyoka, yameanguka kwenye marumaru, yamekatika vipande viwili, na duka la Mangi liko hatua tatu. Ile gundi hukauka ikiwa katikati ya ufa, na vipande hubaki vimesogea kwa unene wa unywele. Mdomoni, unywele huo ni kidonda. Fundi akipata vipande vikavu na visafi, huvikutanisha kwenye ufa wake, humimina plasta upande wa ndani kushika umbo, huchimba mfereji mdogo kando ya ufa, kisha hujaza akriliki mpya, ile plastiki ya meno ya bandia. Vikija na gundi, kwanza akwangue, na ufa uliokwanguliwa haukutani sawasawa. Mara nyingi mgonjwa huishia kupimwa upya. Kwa hiyo pelekeni kila kipande, hata punje.

Kuosha ni kwa mswaki laini na sabuni ya maji ya vyombo. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza plastiki, na ukoga hupenda mikwaruzo. Oshea juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasipasuke. Yenye waya au chuma yasiguswe na Jiki, itakula chuma. Usiku yalale kwenye maji ya kawaida.

Kofia ya jino, lile gamba la bandia linalofunika jino, ikichomoka, hiyo hurudi. Ioshe, iweke kwenye kikopo chenye mfuniko, uende kliniki ndani ya siku chache. Jino lililo chini yake likiwa zima, daktari husafisha saruji ya zamani na kuibandika upya. Likiwa limeoza, kofia haitakaa hata ibandikwe mara ngapi. Usilale nayo ikiwa inacheza: unaweza kuimeza, au mbaya zaidi, ikaingia kwenye njia ya hewa.

Kizibo cha jino lililozibwa kikidondoka, hicho hakirudi. Kimeshakauka, hakishiki tena, na shimo huenda limeshapanuka. Kama ni kile cha rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, kwa hiyo usikichome moto pamoja na takataka za uani.

Sindano ya ganzi na kile kichupa chake cha mililita 1.8 ni vya mgonjwa mmoja, hata kama nusu ya dawa imebaki. Baada ya kuchoma, majimaji ya mwili yanaweza kurudi ndani ya kichupa, na homa ya ini B haihitaji tone kubwa. Glavu pia ni hivyo hivyo. Kuziosha ni kujidanganya.

Koleo za kung'olea na vioo hurudiwa, lakini kwa mpangilio: kwanza kusugua, maana damu iliyokauka huwakinga vijidudu, halafu kufunga kwenye pakiti, halafu mashine ya mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3. Sufuria ya kuchemsha haifiki huko. Una haki ya kuomba pakiti ifunguliwe mbele yako. Alama ya pakiti iliyobadilika rangi inaonyesha tu kwamba pakiti ilipita kwenye joto, haithibitishi kwamba vijidudu vyote vimekufa. Pakiti zikishindiliwa kwenye mashine, mvuke haupenyi katikati. Na Tanesco wakikata umeme dakika ya kumi, ukirudi mzunguko unaanza upya, hauendelezwi kutoka pale ulipoishia.