Vidole vya fundi

Watu huniuliza niliona nini Nchi Takatifu. Kanisa la Kuzaliwa nililiona, namshukuru Mungu. Lakini kinachonirudia kila mara ni vidole vya mtu mmoja.

Ilikuwa 2018. Kikundi chetu cha mahujaji kilifikia nyumba ya wageni Bethlehemu, karibu na ukuta ambao Israeli iliujenga kati ya mji huo na Yerusalemu. Saa tisa usiku honi za magari zikaniamsha. Mlinzi akasema ni vibarua wa Kipalestina wanakwenda kazini Yerusalemu. Nikavaa koti, nikachukua pasi yangu, nikashuka.

Kizuizi kile, ambapo askari wa Israeli hukagua wanaovuka, wanakiita 300. Ubavuni mwa ukuta wa zege palikuwa na njia nyembamba yenye vyuma pande zote, mfano wa ile ya kupitishia ng'ombe joshoni. Iliniuma kuona hivyo, maana ndani walikuwa wanaume wazima, kifua kwa mgongo. Wengine walikwea vyuma wapite juu ya vichwa vya wenzao, wasikose gari la mwajiri.

Mimi ni mwashi, mwaka wa 31 sasa. Wenzangu niliwatambua kwa chokaa ya viatuni na nyufa za mikono. Aliyekuwa mbele yangu alitoka Yatta, kusini mwa Hebroni. Alikuwa fundi vigae, na Kiingereza chake kilichechemea kama changu. Ng'ambo, alisema, ujira unazidi mara mbili wa kwao, ila kibali kina jina la mwajiri mmoja. Mkikosana, umerudi nyumbani. Kisha akasema, "Rizq." Nikamjibu, "Riziki." Akanishika mkono, akalirudia neno langu taratibu.

Geti la chuma huzunguka, huingiza wachache, hufungwa. Unasimama. Linafunguka tena. Mikanda inavuliwa, mifuko ya chakula inapita kwenye mashine. Mwisho ni dirisha: kadi, kibali, alama ya kidole kwenye mashine.

Kidole chake kikakataa. Akakipangusa kwenye suruali, akakiweka. Kikakataa. Akakipulizia pumzi ya moto. Askari nyuma ya kioo, umri wa kitinda mimba wangu, akamwashiria arudie. Nyuma yetu watu walikuwa wameanza kupiga kelele. Mara ya nne mashine ikamkubali, akatoka mbio, mkanda bado mkononi.

Saruji inakula vidole, mafundi tunajua. Miaka miwili baadaye nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikanikataa mara tatu. Binti wa pale akaniambia, "Baba, nenda kapake mafuta, urudi kesho." Nikarudi kesho yake, sikupoteza kitu. Yule bwana angepoteza siku nzima ya mshahara.

Vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, Israeli ilisimamisha vibali. Waliokuwa wakivuka kwenda kazini, zaidi ya watu laki moja, wengi wao wa ujenzi kama yeye, wakabaki majumbani. Namba yake ya simu sikuichukua. Foleni ilipokuwa imesimama aliniambia anao wajukuu wanne, na kwamba sakafu ya chumba chao bado hajaiweka vigae.