Siku moja na mlezi wa Kifiji, California

Saa 11 alfajiri. Daftari kwanza, chai baadaye. Mlezi anayelala kwa mgonjwa huandika usiku ulivyokwenda: 7:10 chooni, 7:35 kitandani, 9:20 kageuzwa. Tangu Januari 2014 sheria ya California inawapa wengi wa walezi hawa malipo ya mara moja na nusu wakizidisha saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki, na saa za usiku zisizoandikwa ndizo watoto wa mgonjwa hubishania. Majira ya joto, Suva, mji mkuu wa Fiji, saa hiyo ni saa 6 usiku. Simu ya nyumbani itangoja.

Kwetu ukisema fulani anatunza wazee Marekani, watu huwaza sebule na televisheni. Sisi tunaopokezana zamu na Wafiji tunajua vingine. Kuanzia San Mateo hadi Santa Rosa, ukitafuta mlezi wa kulala ndani hutachelewa kumpata Mfiji. (Wafiji wenye asili ya India, waliohama kwa wingi baada ya mapinduzi ya 1987, utawakuta zaidi Hayward, Modesto na Sacramento, na kazi zao ni za kila aina.)

Saa 1 asubuhi, kumtoa kitandani. Mgonjwa kapooza upande wa kushoto. Inua kichwa cha kitanda, mlaze ubavu, shusha miguu, kisha akae ukingoni dakika mbili tatu. Ukimsimamisha papo hapo presha inashuka na anakuzimikia mikononi. Kiti cha magurudumu kinakaa kulia kwake, upande mzima, breki zimefungwa, vibao vya miguu vimetolewa. Mkanda kiunoni, goti lako linazuia goti lake bovu. Usimvute kwapani hata siku moja: bega lililopooza linateguka kirahisi. Shati nalo, mkono mgonjwa ndio wa kwanza kuingia na wa mwisho kutoka.

Dawa, uji wa shayiri, maji yaliyotiwa unga wa kuyafanya mazito ili yasimpalie, kisha nusu saa ameketi wima. Kuanzia saa 3 hadi saa 9 ni kufua, kupika, mazoezi, na kumgeuza kila baada ya saa mbili. Mlezi mwenyewe anakula amesimama: muhogo wa kugandishwa uliotoka kwao na samaki wa tui.

Saa 10 jioni siku inachacha. Jua likianza kuinama, mzee huyo, ambaye pia kapoteza kumbukumbu, anataka kwenda kwao, mama yake anamngoja. Mjue kwamba hakuna nguvu ya hoja hapo. Taa zinawashwa kabla ya giza, mapazia yanafungwa, kwa sababu vivuli ukutani kwake ni watu. Unampeleka chooni, unaangalia kama ana maumivu. Kama kachanganyikiwa ghafla kuliko jana, shuku mkojo una maambukizi, piga simu kwa muuguzi. Unamuuliza: mama yako anapenda kupika nini? Unamwacha aeleze, unamsukuma kitini koridoni mara ishirini, anatulia.

Ndipo binti anaingia kutoka kazini, na mkoba bado begani anamsahihisha: “Mama, Bibi alikufa zamani!” Mzee anapokea msiba upya. Analia, anatupa kijiko, anakataa vidonge, na binti anamgeukia mlezi kuuliza mbona mama hajala. Tena anashauri vidonge visagwe kwenye uji. Vile vya kuyeyuka polepole ukivisaga dozi ya siku nzima inaingia kwa mkupuo. Kumweleza hayo kwa adabu, mzee kakushika kiganja hakuachii, kunachosha kuliko kunyanyua. Walezi wengi wa Kifiji ni Wamethodisti, na kinachosaidia saa hiyo ni tenzi za kwaya zikiimbwa kwa sauti ya chini. Binti hupunguza makali naye.

Ikiwa ni Ijumaa, mpokezi huja usiku, mara nyingi amechelewa kwa foleni ya madaraja. Makabidhiano hayafanywi mlangoni. Vidonge vinahesabiwa wawili mkiangalia, choo cha mwisho kinatajwa, shuka linafunuliwa: visigino na mfupa wa matako. Bonyeza palipo wekundu. Usipofifia, kidonda kinaanza, na kiandikwe kabla yule wa kwanza hajaondoka.

Kisha, nyumbani kwa mmoja wa Wafiji, kuna kava, kinywaji cha mizizi, bakuli la mbao katikati, kofi moja kabla ya kifuu na matatu baada. Mwenye zamu ya alfajiri hunywa kidogo, kinywaji hiki kinalegeza viungo. Hapo ndipo michango hukusanywa: mazishi, ada, paa la kanisa la kijijini. Kwao tayari ni Jumamosi alasiri. Pesa zinatumwa kwa M-PAiSA ya Vodafone, jamaa ya M-Pesa yetu, na aliyepokea akimkuta wakala hajafunga, bati zinanunuliwa Jumatatu.