Mfupa wa Tendaguru Jukwaani

Mwanafunzi wa Lindi akitaka kuigiza mwanasayansi, aanze na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, 1909 hadi 1913. Wengi humtaja Werner Janensch, mwanasayansi Mjerumani wa uchimbaji huo, peke yake; si haki.

Kinachobeba igizo ni mfupa. Ule wa juu wa mguu wa mbele wa Giraffatitan, dinosaria mkubwa mwenye shingo ndefu, una mita 2.13. Funga fito za mianzi za urefu huo, zungushia magazeti yenye gundi ya kupika: kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 4 vya maji. Tabaka moja likauke kabisa ndipo uweke la pili. Ukiharakisha, unyevu wa pwani hubaki ndani na mfupa huota ukungu. Waubebe wawili mabegani, kama wapagazi walivyoshusha mizigo hadi bandari ya Lindi.