Maji ya kuloweka muhogo utanichotea wewe?

Hii stori nimekaa nayo tangu Septemba, kila siku nasema ntaandika kesho, leo nimeamua liwalo na liwe. Mwaka jana mimi na wenzangu watatu tulienda kufanya fildi ya chuo Newala, Mtwara, tukapangiwa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa ambacho kina shamba la pamoja la muhogo na njugumawe, kazi yetu ikiwa ni kushirikiana nao kwenye mambo ya chakula cha palepale kijijini, sio kuwafundisha, KUSHIRIKIANA, ndo ilivoandikwa kwenye barua.

Tulivofika, shikamoo zikaisha, tukakaribishwa mkekani, mama mwenyekiti akatuangalia akauliza, "Haya wanangu, na nyie mmekuja na makaratasi?" Kumbe miaka ya nyuma walishakuja wanafunzi, wakauliza umri, watoto wangapi, mnakula mara ngapi kwa siku, wakaandika wee, wakaondoka na hakuna hata mmoja aliyerudi kusema jamani tulipata hiki na hiki. Iliniuma sana. Mama mtu mzima ameacha mbaazi zake shambani asubuhi nzima akakueleza mpaka siku alizolala na njaa, halafu unaondoka kimya?

Na sisi makaratasi tulikuwa nayo, tena na bango kabisa la picha: menya muhogo, loweka siku tatu, anika, twanga.

Kwa asiyejua, kule juu watu wengi wanalima muhogo mchungu, na wana sababu zao. Unazaa vizuri, unavumilia ukame, halafu nguruwe pori na nyani hawausumbui kama ule mtamu. Shida ni sumu yake, sayanaidi, na mwaka wa ukame ndo inapanda zaidi. Kupika tu hakutoshi. Muhogo ukimenywa ukaanikwa juani moja kwa moja kuwa makopa unakauka haraka, sumu nyingine inabaki humohumo ndani. Mtu akila hivo wiki nyingi mfululizo, bila kunde wala samaki wala mboga ya maana, anaweza kupata konzo, miguu inakakamaa ghafla na hairudi tena kuwa kama zamani. Mwaka 1981 ng'ambo ya mto Ruvuma, Nampula kule Msumbiji, ukame ulipiga na watu zaidi ya 1,000 wakapata ugonjwa huo, wengi watoto na akina mama. Wale ni Wamakua, ndugu zetu kabisa, mimi mwenyewe kwetu Masasi, kwa hiyo kwangu hiyo sio habari ya mbali.

Basi mwenzangu akaeleza bango lake vizuri tu, akamaliza. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema taratibu, "Mjukuu wangu, maji ya kuloweka siku tatu utanichotea wewe?"

Hatukuwa na jibu. Newala iko juu ya uwanda, maji yako chini mabondeni na yanapandishwa kwa pampu, na wiki ile bomba la kijijini lilikuwa kavu siku ya nne. Ndoo moja ya maji pale ni kupika, kunywa na kuogesha mtoto, nani atamwagia muhogo? Yule bibi kuloweka alikuwa anakujua kabla hatujazaliwa, wala hakuhitaji picha. Alichokosa ni maji.

Usiku tukampigia mwalimu wetu, na yeye ndo akatukumbusha njia ya kulowanisha unga, ile iliyofanyiwa kazi na mtafiti Howard Bradbury na wenzake kule Australia, ikaja kutumika Msumbiji na Kongo. Haihitaji kuloweka muhogo mzima, unalowanisha unga tu, maji kidogo. Kesho yake tukaifanya yote uani kwa mwenyekiti. Unaweka unga kwenye bakuli, unachora alama kwa ndani pale unga ulipofikia (sisi tulitumia kipande cha mkaa), unatia maji kidogokidogo huku unakoroga, unga kwanza unashuka, halafu unapanda tena, ukifika kwenye alama unaacha. Unautandaza kwenye ungo, wembamba, usizidi sentimita moja. Masaa mawili juani au matano kivulini, sumu inatoka kama hewa inaenda zake. Unasonga ugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Tulikuwa pia na zile karatasi za njano za kupimia, unaweka kwenye kichupa na unga kidogo, unafunika mpaka kesho, ikigeuka kahawia maana yake sumu ipo. Ya unga wa kawaida ilitoka kahawia ya kukolea, ya unga wa kwenye ungo ikabaki karibu na njano. Vile vikaratasi vilizunguka mkono kwa mkono, hakuna aliyeongea, nadhani karibu dakika nzima. Halafu yule bibi akaomba unga wa kwake upimwe, na akatuambia ugali wa jana haukuwa na ule ukali wa mwisho ulimini.

Toka hapo wao ndo wakapanga kazi. Walisema Oktoba tusionekane, korosho zinaanguka na hakuna mtu atakaa mkutanoni, na kiukweli vyuo vingepanga ratiba kwa kuangalia msimu wa mtu wa shamba, mambo mengi yangenyooka. Wakataka pia tuandike nao vyakula vya kiangazi, ming'oko, vile viazi vya porini, inachimbwa wapi, imepungua wapi, maana watoto wa sasa wanaikuta sokoni tu imeshachemshwa. Hiyo haikuwemo kwenye barua yetu, tukaifanya.

Januari tulirudi watatu, nauli tulichanga. Tuliwasomea ripoti yote kwa Kiswahili, walitusahihisha majina mawili ya ming'oko na sehemu moja tuliyoandika wanaume hawatwangi, mwenyekiti akasema wa kwake anatwanga. Nakala moja ipo kwenye sanduku la kikundi pamoja na daftari la hisa. Kwa yule bibi nilipita kusalimia, bakuli lilikuwa limefunikwa juu ya kinu, nikalifunua, alama ya mkaa ilikuwepo, mbichi.