Viazi vya Mteremko wa Loleza

Juzi jioni binti yangu alirudi kutoka mazoezini, jasho likiwa bado linamtiririka shingoni, akaiweka simu yake mezani mbele yangu na kuniuliza: "Mama, leo imeandika kalori 410. Nizile au niziache?" Alimaanisha kalori ambazo simu ilisema amezichoma mazoezini: je, azirudishe kwa kula? Sikumjibu papo hapo. Jikoni viazi vilikuwa vinachemka na maganda yake, na harufu ile ya udongo uliolowa maji ya moto ilikuwa imekwisha kunichukua na kunirudisha kwenye mteremko wa mlima Loleza, Mbeya, katika mwaka ule nilipokuwa na kilo 84 na kujaribu kuzipunguza.

Wakati huo programu ya simu ilikuwa imenipangia kalori 1,500 kwa siku, na kila nilipotembea iliniongezea nyingine juu ya hizo. Nilikuwa nikitoka mtaa wa Forest kwenda Kabwe na kurudi kwa miguu, nafika nyumbani nakuta nimezawadiwa 350, nami nazila zote kwa chapati na chai ya maziwa bila wasiwasi wowote, kwa kuwa nilizitolea jasho. Miezi mitatu mizani haikusogea. Nilipokaa chini na kuipitia programu ile hatua kwa hatua, niligundua kwamba siku ya kwanza iliniuliza kama mimi ni mtu wa kujishughulisha, nikakubali, na kwa sababu hiyo matembezi yangu yalikuwa yameshahesabiwa ndani ya zile 1,500. Zaidi ya hayo, katika hizo 350 zilikuwamo kalori ambazo mwili ungezitumia hata kama ningekuwa nimekaa kitini nasahihisha madaftari. Matembezi yaleyale nilikuwa nayalipia chakula mara mbili.

Niliumia sana kwa ugunduzi huo, na kwa hasira nikakata shauri kwamba tangu siku hiyo sitarudisha hata kalori moja, nitembee kilomita mbili au kumi. Wiki tano zikapita, kilo nne zikatoka. Usiku nilikuwa nalala vibaya na darasani nilianza kuwa mkali kwa wanafunzi wasio na kosa, lakini mizani ilikuwa inashuka, na mtu ambaye mizani yake inashuka hashauriki.

Ndipo ikaja Jumamosi ile ya mwezi wa saba, walimu wenzangu waliponialika kupanda Loleza. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi na kula yai moja. Kupanda sikupata shida. Nilikuwa miongoni mwa wa mbele, na juu kule tulipiga picha huku mji mzima ukiwa umelala chini yetu kama mkeka. Simu iliandika 1,640, nami nikaifurahia namba ile kama mtu aliyeweka fedha benki, kwa kuwa nilikusudia kutoigusa. Wenzangu walipofungua vyombo vyao vya chakula, niliwaambia kwamba nimeshiba.

Tulikuwa tumeshuka kiasi cha nusu ya njia pale vidole vilipoanza kunitetemeka. Nilidhani ni baridi, maana upepo wa Julai wa Mbeya unajulikana, lakini mgongoni jasho jembamba lilikuwa linanitoka, na miti iliyokuwa mbele yangu ilianza kusogea pembeni kama inayonipisha. Nikawaambia wenzangu watangulie, nafunga kamba za viatu. Nikakaa juu ya jiwe. Kamba zenyewe sikuweza kuzishika.

Bibi mmoja alikuwa anashuka na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama, akanitazama kwa muda, kisha akautua mzigo wake bila haraka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini leo?"

"Chai na yai."

"Na mlima umeupanda?"

"Nimeupanda."

Hakuuliza tena. Alifungua kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akatoa viazi vinne vya kuchemsha vikiwa na maganda yake, na chumvi kidogo iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Alinishikisha kimoja kwenye kiganja na kunifunga vidole kwa mkono wake, kama anavyofanyiwa mtoto. Nje kilikuwa kimepoa, lakini nilipokibonyeza kwa kidole gumba ganda lilichanika na ndani kulikuwa na uvuguvugu bado. Nami, naandika hili kwa uchungu, nilianza kuhesabu. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha ni kalori 87 hivi; hiki kina kama gramu 150; kwa hiyo ni 130; na vikiwa vinne ni zaidi ya 500, siku nzima imeharibika. Mikono inatetemeka, macho hayaoni vizuri, na kichwani bado napiga mahesabu.

"Sisi tukitoka shambani tunakula kwanza," alisema. "Maneno baadaye."

Nikala. Cha kwanza sikusikia ladha yake. Cha pili nilikichovya kwenye chumvi, ile ya mawe isiyosagika vizuri, na punje zake zilipokuwa zinavunjika chini ya jino nilianza kuliona jiwe nililokalia, kisha majani, kisha mabati ya mji kule chini yakimetameta. Vyote vinne nilivila mimi. Yeye alikaa pembeni ameelekea mjini, hakunitazama wala hakunihimiza.

Jioni ile nilichukua daftari na kufanya hesabu ninayowafundisha kidato cha tatu. Kilo 80, mara 9.8, mara mita 950 hivi zilizopo kati ya mji na kilele kile cha mita 2,656: ni jouli 745,000, yaani kalori za chakula 178. Misuli hugeuza takribani robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, hivyo kuupanda mlima peke yake kulidai kama 700. Ukijumlisha umbali na mteremko zinaongezeka, ila kuzifikisha 1,640 sikuweza. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vifaa saba vya kuvaa mkononi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Vingi vilipima vizuri mapigo ya moyo, lakini kwenye nishati hata kile kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Nikasoma pia habari za Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi, ambao mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012: watu wanaotembea kutwa wakiwinda na kuchimba mizizi, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya nishati wanayotumia kwa siku haiipiti ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Inaelekea mwili ukitumia huku hubana kule. Kama ni hivyo, kurudisha zote ni kujidanganya. Na kutorudisha chochote nilikwisha kukuona sura yake pale juu ya jiwe.

Tangu hapo matembezi mafupi siyahesabu kabisa, na siku ndefu ninarudisha kama nusu. Kwa nini nusu na si theluthi, siwezi kukuthibitishia ubaoni.

Lakini binti yangu ana miaka 15, anakua, hana kilo ya kupunguza. Nilimwambia aizime simu, nikamwekea viazi vitatu na chumvi, kisha nikamsimulia niliyowasimulia hapa. Alisikiliza huku anamenya, akafika cha tatu ndipo akauliza:

"Na yule bibi, Mama, wewe ulimrudishia nini?"

Fedha alikataa. Nilimbebea kuni zake mpaka barabarani, tukipumzika mara mbili njiani, na simu ilikuwa imekwisha chaji.